Gamba kwenye mwembe: kabla ya kushika msumeno, ligeuze ulitazame chini

*"Shikamoo mwalimu. Nyumbani kwetu Kisauni tuna mwembe wa ngowe ambao babu aliupanda kabla mamangu hajaolewa. Mwaka jana tulikata tawi kubwa lililokuwa likigusa paa, kikabaki kigutu cha urefu wa mkono. Tangu mvua za vuli kigutu hicho kimevaa gamba la rangi ya machungwa inayoelekea kahawia. Limeshikana na mti, ila kingo zake zimejikunja kwa nje. Juu kwenye vijitawi kuna utando mwingine wa kijivu, laini, unaobanduka kama kitambaa, na shinani kuna madoa ya kijivu na kijani yasiyobanduka. Nimetuma picha. Ami anasema mti umeingiwa na ukoma, ukatwe kabla haujaangukia nyumba. Jirani anasema tuupake oili chafu. Mwanangu ana pumu na hushinda akicheza chini yake. Hii ni kuvu gani? Ina sumu? Itahamia kwenye mkorosho na boriti za paa?"*

Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezitazama zote, na zimepigwa vizuri. Unaogopa ugonjwa mmoja ulioenea mti mzima, ilhali ulivyonavyo ni vitu vitatu visivyohusiana. Gamba la kigutuni ni kuvu inayokula mti uliokwisha kufa. Utando wa vijitawini ni kuvu ya ukoo mwingine kabisa, inayoishi kwa kutegemea wadudu. Madoa ya shinani si ugonjwa. Ukivitia vyote katika kapu moja ukaviita ukoma, utaukata mwembe ambao, kwa majani ninayoyaona pichani, bado una misimu mingi ya kuzaa.

Nianze na la kigutuni, maana ndilo lililokufanya uandike.

Kuvu za gamba hazina kofia wala mguu kama uyoga wa sokoni. Sehemu yake ya kuzaa ni tabaka jembamba lililolala juu ya gome au mbao, na upande unaotoa spora, yaani chembe ndogo kama vumbi ambazo kuvu huzaliana kwazo, huwa wazi kwa nje au hutazama chini. Zipo aina nyingi mno, na nyingi kati yake ni nyeupe au za rangi ya maziwa, tupu, bila alama yoyote ya kumsaidia mtu asiye na hadubini. Lako lina alama, na hiyo ni bahati. Kingo zimejitenga na mti na kujikunja, upande wa juu wa hizo kingo una vinyweleo na mistari ya rangi inayofuatana, na upande wa chini ni laini, wa rangi ya machungwa. Ukilikunja mbichi, linapindika kama ngozi ya kiatu.

Dalili hizo zikikutana kwenye mti wa majani mapana, jina la kwanza linalonijia ni Stereum. Ni jenasi, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, iliyoenea duniani, kwenye nchi za baridi na za joto. Mbili zinazotajwa sana kwenye miti ya majani mapana ni Stereum hirsutum, ambayo hulala juu ya mti na kukunja kingo tu, na Stereum ostrea, iliyoelezwa mara ya kwanza kutoka Java, ambayo hujitokeza zaidi kama kombe la chaza lililoshikiliwa upande mmoja. Lako linaelekea kwenye lile kundi la kwanza. Hata hivyo, kwa picha peke yake mimi ningeandika "Stereum" kwenye lebo nikaishia hapo. Ndani ya kundi hilo wataalamu wenyewe bado wanabishana mpaka wa aina moja na nyingine uko wapi, na kukupa jina la pili kwa picha ya simu kungekuwa kukudanganya.

Ninachotaka ufanye ni kulithibitisha mwenyewe. Subiri siku baada ya mvua, kwa sababu gamba kavu hupoteza rangi, hukakamaa na kumpoteza hata mzoefu. Bandua kipande cha ukubwa wa kiganja, ukigeuze, ukitazame upande wa chini kwa lenzi au kwa kamera ya simu iliyosogezwa karibu.

Ukiona uso laini mtupu, bila tundu wala mkunjo, tuko kwenye Stereum au jamaa zake. Ukiona vitundu vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano, hiyo si kuvu ya gamba kwa maana tunayoizungumzia; huenda ni Trametes, na ikiwa nyekundu ya kung'aa juu na chini, ni Pycnoporus, ambayo hupenda magogo yaliyoachwa juani. Ukiona matamvua madogo ya kijivu yaliyopasuka katikati kwa urefu, ni Schizophyllum commune, mkaazi wa kawaida sana wa matawi makavu ya miembe katika nchi za joto. Na ukiona uso wa rangi ya kutu wenye vijiba vya kahawia vilivyosimama wima, ni Hymenochaete. Hiyo maabara huitambua upesi, kwani tone la hidroksidi ya potasiamu huigeuza nyeusi papo hapo. Kisha ukwaruze uso mbichi kwa ukucha. Zipo Stereum zinazotoa wekundu kama damu zikikwaruzwa, kama Stereum rugosum ya Ulaya. Hirsutum haifanyi hivyo. Jibu lolote utakalopata, niandikie.

Sasa ami. Ami hakosei kuogopa, ila amegeuza sababu na matokeo. Anaona gamba, kisha anaona kigutu kimeoza, anasema gamba ndilo lililoleta kifo. Kigutu kilikufa kwanza. Tawi likikatwa mbali na shina, kile kipande kinachobaki hakina majani ya kukilisha, kwa hiyo hunyauka na kufa polepole. Spora za kuvu, ambazo zimo hewani kila siku, zinatua pale palipo wazi na kuota. Zinatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya ndani ya mbao zikitoa vimeng'enya, yaani majimaji ya kuimeng'enya. Stereum ni miongoni mwa kuvu zinazoozesha mbao kwa namna ya uozo mweupe, yaani zinavunja lignini, ile gundi inayoipa mbao ugumu, pamoja na selulosi. Ndiyo maana mbao iliyoliwa nayo hupauka, huwa nyepesi na kuchambuka nyuzi. Gamba la nje linakuja mwisho, nyuzi zikishashiba na kutaka kuzaa. Kwa hivyo kulikwangua ni sawa na kuchuma embe ukidhani umeung'oa mwembe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mti hauponyi kidonda. Ngozi yetu hujenga nyama mpya pale palipokatika. Mti hauwezi, na badala yake hujenga kuta. Mtafiti Alex Shigo wa Marekani alipasua miti mingi kwa msumeno, akaonyesha katika miaka ya 1970 jinsi mti unavyofunga mirija ya juu na chini ya jeraha, unavyoimarisha pande zake, kisha unavyoweka mpaka mgumu kati ya mbao iliyokuwepo siku ya jeraha na mbao mpya itakayoota baadaye. Mpaka huo wa mwisho ndio wenye nguvu kuliko zote. Mwembe wenye afya unaweza kuishi miongo na uozo uliofungiwa ndani, mradi kila mwaka unaongeza mbao nzima kwa nje. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama mti unajenga kuta haraka kuliko kuvu inavyokula, na hilo unalijua kwa kutazama majani, machipukizi na gome linaloviringa ukingo wa jeraha.

Pichani naona pete ya gome hai imeanza kuvimba pale kigutu kinapotokea shinani. Hiyo ni habari njema sana. Ushauri wangu ni kigutu kikatwe, na kikatwe mahali pake: nje kidogo ya hiyo pete, bila kuigusa. Mafundi wetu wengi wana mazoea mawili, kuacha kigutu kirefu au kukata hadi usawa wa shina wapate uso ulionyooka. La pili ni baya zaidi, kwa maana huiondoa ile pete yenyewe ambayo mti ungeitumia kujifunga. Kama kigutu ni kizito, fundi aanze kwa kukata chini kidogo, kisha juu, kiondoke kwa vipande, ndipo akate pale pa mwisho; kikianguka chenyewe kitararua gome la shina. Wakati mzuri ni ukavu wa kaskazi, Januari na Februari, kabla mvua za mwaka hazijafika na hewa kujaa spora na unyevu. Ukikiacha kama kilivyo, mti hautakufa kesho. Kitaoza na kudondoka siku yake, ila kwa muda wote huo kitakuwa mlango wazi na ghala la chakula cha kuvu. Kuukata mti mzima kwa ajili ya kigutu hiki sioni sababu.

Baada ya kukata, usipake kitu. Si rangi, si lami, si chokaa, na oili chafu usiikaribishe kabisa. Dawa za kupaka vidonda vya miti zilifanyiwa majaribio kwa miaka na hazikuonekana kuzuia uozo; mara nyingine huzuia unyevu usitoke na kuisaidia kuvu. Oili ya gari iliyokwisha tumika ina metali na mabaki ya kuungua, huua ngozi hai ya ukingo wa jeraha, na mvua huishusha ardhini. Kisauni watu wengi wanachota visima. Unachokimwaga chini ya mwembe wako leo ndicho utakachokinywa wewe na huyo jirani.

Nije kwenye utando wa vijitawini, ambao kwangu mimi ndio wa kushangaza zaidi katika picha zako. Umesema unabanduka kama kitambaa, na umebanduka bila kuacha jeraha kwenye gome. Kuvu inayokula mti haibanduki hivyo, kwa sababu nyuzi zake zimo ndani. Katika picha ya nne, pale ulipoufunua, naona vidoa vidogo vya duara vimeshikamana na gome. Hao ni wadudu gamba, yaani wadudu wadogo wanaojifunika ganda lao wenyewe, na huo utando nauona kuwa kuvu iitwayo Septobasidium.

Kuvu hii ni ndugu wa kuvu zinazoleta ugonjwa wa kutu kwenye mimea, na haili mbao wala gome. Inatandika utando wake juu ya kundi la wadudu gamba, ikiwajengea vyumba na vijia chini yake. Wadudu wamechomeka midomo yao kwenye gome wanafyonza utomvu. Kuvu inaingia ndani ya miili ya baadhi yao na kunyonya humo. Hao hudumaa na hawazai, lakini wanaendelea kuishi na kufyonza. Wengine inawaacha wazima, nao wanazaa. Watoto wao wakitoka kutambaa, wengine hubeba spora miilini, wakienda kutulia kwenye tawi jingine wanaianzisha kuvu huko. Mdudu anapata paa dhidi ya jua, mvua na nyigu wanaotaga mayai ndani yake. Kuvu inapata chakula na chombo cha usafiri. Mwembe ndio unaolipia wote wawili.

Kwa hiyo dawa ya kuvu hapa haina kazi, adui wako ni mdudu. Tazama kama kuna sisimizi au maji moto wanaopanda na kushuka, kwani wadudu gamba wengi hutoa majimaji matamu na sisimizi huwalinda kwa ajili hiyo. Kama utando uko kwenye vijitawi vichache na majani ni ya kijani, kata vile vilivyofunikwa kabisa, vichome, vilivyobaki visugue kwa brashi laini na maji ya sabuni, na punguza matawi ya ndani hewa na jua vipite. Mafuta meupe ya kilimo yanayonyunyiziwa yanawaziba wadudu pumzi, lakini kwenye mwembe mrefu wa nyumbani kuyafikisha juu ni kazi ngumu, na utando wenyewe unawakinga. Ningeanza na kukata na kusugua, nikangoja msimu mmoja. Ikiwa matawi mazima yanakauka, hapo tena ni la kuonwa na mtu ana kwa ana.

Madoa ya shinani ni laikeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja. Mwani hujipikia chakula kwa jua, gome ni kiti tu. Yaache.

Kuna magamba ambayo ningeyaona kwenye mti wako ningekwambia simu uipige leo. La kwanza ni la waridi, linaloanza kama utando wa buibui mweupe wa kung'aa kwenye panda za matawi mabichi wakati wa mvua nyingi, kisha majani ya mbele yanakauka ghafla yakiwa bado yameshikilia. Hilo ni Erythricium salmonicolor. Ni kuvu ya gamba kweli, lakini inaua gome lililo hai, tena haichagui: miembe, mifenesi, michungwa, mibuni, mikakao, yote inaingia. Hapo unakata sentimita nyingi chini ya pale ugonjwa ulipofika, unachoma, na mtaalamu anaweza kukuelekeza kwenye dawa za shaba, ambazo asili yake ni ule mchanganyiko wa shaba na chokaa uliotangazwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885.

La pili liko chini. Fukua udongo kidogo kuzunguka shina lako, kiasi cha kidole, utazame. Ukikuta gamba la kahawia iliyokolea au jeusi, limejichanganya na mchanga, limelivaa shina kama soksi na ukingo wake wa juu una rangi ya maziwa, simama. Kuna kuvu iitwayo Phellinus noxius inayofanya hivyo katika nchi za joto, nayo huua mizizi na kuenea kutoka mti hadi mti pale mizizi inapogusana. Na ukikuta gamba jeusi linalovunjika kama mkaa, hilo nalo ni la kuchukuliwa kwa uzito. Kuvu za aina ya Kretzschmaria huifanya mbao ya mizizi iwe kavu na kuvunjika ghafla, na mti unaweza kuanguka ukiwa na majani yote. Gamba kwenye kigutu cha juu na gamba kwenye kitako cha mti ni habari mbili tofauti hata kama rangi zinafanana. Mti unaoinamia nyumba, udongo uliopasuka upande mmoja, shina linalotoa sauti ya uwazi ukiligonga kwa nyundo ya mbao: mojawapo likiwepo, mwondoe mtoto chini ya mti na umwite mtu aje aone kabla upepo wa kusi haujaanza. Na kama matawi yamekaribia nyaya za stima, asipande mtu wa nyumbani wala fundi wa mtaani. Hiyo ni kazi ya Kenya Power.

Kuhusu mtoto. Kuligusa gamba hili hakumdhuru, na embe hazichukui sumu kutoka kwake. Mzile kama kawaida. Asilitafune tu, kama asivyotafuna kitu chochote cha mwituni. Pumu ni jambo jingine kidogo. Spora za kuvu zinaweza kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, hilo ni kweli. Lakini hewa ya Mombasa wakati wa mvua imejaa spora za kila namna, na kipande kimoja juu ya mti ulio wazi kwa upepo kinaongeza kidogo. Ningehofia zaidi ukungu mweusi ndani ya chumba anacholala. Siku ya kukata kigutu asiwepo karibu, kwa sababu ya vumbi la mbao bovu. Akionekana anabanwa kila akicheza hapo, mpeleke kliniki yake uwaeleze hivyo. Wao ndio watakaosema, si mimi.

Mkorosho hauko hatarini kwa sababu ya ujirani. Spora za Stereum zinaufikia tayari, zitapata nafasi siku mtakapoukata vibaya. Wadudu gamba wanaweza kuhamia, kwa hiyo utazame vijitawi vyake pia. Boriti za paa haziozi zikiwa kavu: mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haina maji ya kutosha kuvu hizi kufanya kazi. Tafuta bati linalovuja, usimtafute mwembe.

Kama unataka jina kamili la kuvu ya kigutuni, chukua kipande pamoja na mbao yake, kikaushe kivulini, ukitie kwenye bahasha ya kaki, si plastiki, kwani humo kitavunda. Andika juu yake: mwembe, kigutu kilichokufa, Kisauni, tarehe, na rangi ilivyokuwa mbichi. Weka sampuli ya vijitawini kwenye bahasha yake peke yake, wadudu wakiwemo. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, pale Mtwapa ndicho cha karibu nawe kwa mambo ya miembe na mikorosho. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wana kituo Gede kwa miti kwa jumla. Waombe pia mtu wa kuja nyumbani ikiwa ulipofukua udongo umekuta lolote nililolitaja. Kabla ya yote hayo, piga picha ya kitako cha mti pande zote nne unitumie; ndiyo picha pekee niliyoikosa.